Kisu cha Tisa cha Étienne

Bernardine alisema "tayari" kwa sababu alikuwa amechoka, si kwa sababu kisu kilikuwa tayari.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, ndani ya karakana ya mabati huko Nyamianda, mtaa wa Uvira. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, mgongo ameugeuzia meza ya kazi, macho yanaangalia ukuta. Nyuma yake Achille alikuwa anafungua kisu na kukifunga, anafungua na kukifunga. Mara ya nne akaacha.

"Mama Aline, unasemaje?"

"Tayari."

"Kweli? Maana minye naona kama…"

"Si nimesema tayari? Kipelekwe kwa mwenyewe. Kitoke."

Achille hakubisha. Ni mtu wa miaka arobaini, mpole, alifanya kazi na marehemu Étienne, mume wa Bernardine, miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuwahi kuona neno la Bernardine likikosea. Akachukua mhuri mdogo wa chuma, akaupiga nyundo mara moja chini ya ubapa, herufi É ikaingia. Mchana dereva wa gari la Sange alipita na kukichukua kisu kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa.

Watu wa Uvira walivijua visu vya kukunja vya Étienne. Vile vya kawaida alivitengeneza vingi, wauzaji wa samaki na mafundi wa nyavu walivinunua sokoni bila maneno mengi. Lakini kila mwaka alikuwa na visu kumi na viwili vya pekee. Mwezi wa kwanza alichagua bamba moja la springi ya lori kubwa, moja tu, akakata humo bapa kumi na mbili, na mgongoni mwa kila moja akatia vikato vidogo kwa tupa: kimoja, viwili, vitatu, mpaka kumi na viwili. Vikiisha vimeisha. Walikuja watu wazito kuomba cha kumi na tatu, wengine na barua, mmoja alikuja na askofu wa kanisa lake, na Étienne aliwapa kiti, akawapa maji, akakataa.

Mwenye kuagiza alichagua ubapa unyooke au ujipinde, ncha iwe kali au ya duara. Mpini hakuchagua. Mpini alikuja nao mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Mmoja alileta kipande cha mlango wa nyumba ya baba yake iliyochukuliwa na mto. Mwingine alileta mpini wa jembe uliolainika kwa mikono ya mama yake. Siku moja Achille alimwonyesha Étienne kwenye simu picha za viwanda vya Ulaya: visu vyenye namba, mteja anachagua rangi na mti, kisu kinafika ndani ya sanduku lenye kitambaa laini na karatasi iliyotiwa sahihi. Étienne aliangalia muda mrefu, akasukuma picha moja moja kwa kidole chake kinene, kisha akauliza kwa sauti yake ya juu:

"Na hawa, nani anawasikilizia?"

Achille alicheka, akafikiri ni mzaha. Bernardine aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni hakucheka.

Kwa maana Étienne alikuwa kiziwi. Miaka thelathini ya nyundo juu ya chuma ilimla masikio pole pole, na miaka kumi na mmoja ya mwisho hakusikia kitu. Alisoma midomo, alitikisa kichwa, alicheka wenzake walipocheka. Aliona aibu. Kisu cha kukunja, alisema, kinajulikana kwa sauti: resori, kile chuma chembamba cha mgongoni kinachobana ubapa, ikikaa vizuri kisu kinasema ta-ka, mara mbili, nusu ya njia na mwisho wa njia. Ikiwa laini kinasema tof. Ikiwa ngumu mno kinapiga kelele na siku moja kinavunjika. Fundi asiyesikia visu vyake vinasema nini, nani atamwamini? Basi Bernardine ndiye alikaa kwenye kigoda, mgongo umegeuka ili macho yasimdanganye. Kisu kikiwa bado, alikuwa anainua kidole kimoja. Kikiwa tayari, anainua mkono mzima. Achille alijua, na alifunga mdomo wake.

Étienne alikufa katikati ya mwaka, kwa ugonjwa wa damu kupanda, visu vinane vikiwa vimetoka na bapa nne zikiwa bado juu ya rafu na vikato vyake. Matanga yaliisha, watu wa ukoo walirudi makwao, Aline binti yake alirudi Bukavu kwa watoto wake. Ndipo wateja wanne wakaanza. Mmoja anapiga simu, mwingine anatuma mtu, mwingine anakuja kukaa mlangoni na kusema pole, mama, pole sana, halafu anaangalia rafu. Kulikuwa pia na bwana mmoja wa Bujumbura mwenye kukusanya visu vya namba, alivuka mpaka mara mbili kuuliza kama yuko mtu anayekubali kuachia chake. Bernardine alikuwa halali vizuri. Alikuwa anaamka na kukaa ukingoni mwa kitanda bila kujua anangoja nini. Alitaka kisu kimoja kiondoke, walau kimoja, mlango upumue.

Ndiyo maana alisema tayari.

Wiki iliyofuata Achille alimaliza cha kumi. Mpini wake ulikuwa ubao mweusi wa mtumbwi wa zamani, ulioletwa na mvuvi anayeitwa Lionel. Bernardine akakaa kwenye kigoda, akaangalia ukuta. Achille akafungua, akafunga. Ta-ka. Safi, kama mtu aliyebisha hodi akaitikiwa. Hapo moyo wa Bernardine ukaanguka, kwa kuwa sasa sikio lake halikuweza tena kujisahaulisha sauti ya kile kingine.

"Kile cha tisa," akasema bila kugeuka. "Resori yake ulitoa wapi?"

Achille akaweka kisu mezani. "Iko ingine. Ile Étienne alikata ku bamba lake ilipasuka mu moto. Nikatumia kipande cha springi ya taksi. Nilikusikia umesema tayari, mama, nikasema basi, sikio lako linashinda langu."

"Ilisema tof."

"Ilisema tof," Achille akakubali, chini chini.

"Mtu akikandamiza kwa nguvu?"

Achille aliangalia mkono wake, akakunja vidole vinne pole pole, kama kisu kinavyojifunga.

Wakampigia simu mwenye kisu, huko Sange. Simu haikupokelewa. Siku mbili wakapiga, haikupokelewa. Siku ya tatu Bernardine alifunga kitambaa cheusi kichwani, akaenda mwenyewe. Barabara ilikuwa na vizuizi vyake vya siku zote, akashuka, akapanda, akaonyesha karatasi, akapanda tena. Kupita Kiliba alijaribu kupanga maneno. Kufika Runingu alikuwa ameyapoteza. Jambo moja tu lilibaki kichwani: kisu chenye jina la Étienne kisikate mkono wa mtu.

Mwenye kisu anaitwa Claire, mkulima wa mpunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameanika mpunga juu ya turubai mbele ya nyumba na anaugeuza kwa miguu, anaburuza nyayo mistari mistari.

"Karibu, mama. Weye ni wa fasi gani?"

"Wa Nyamianda. Ni mimi mke wa marehemu Étienne."

"Eeh! Mama wa visu!" Claire akatoka juu ya mpunga, akapangusa mikono kwenye kitenge, akashika mikono yote miwili ya Bernardine. "Pole, mama. Pole sana. Simu yangu ilianguka mu maji, hata sikuweza kuita kusema asante. Kaa. Kaa hapa kwenye kivuli."

Kabla Bernardine hajakaa, Claire alikuwa amekwisha kukitoa kisu. Kilikuwa kiunoni, kimefungwa kwa kamba. Mpini ulikuwa pembe ya ng'ombe, hudhurungi inayokwenda kwenye weupe wa maziwa, umesuguliwa mpaka unang'aa.

"Natembea nacho kila fasi. Hata ku kanisa. Ona pembe, huyu ni Gaju, ng'ombe wangu. Na sikia vile kinafunga, mama, sikia. Kama mtu anafunga mlango, mtoto amelala."

Tof.

"Dada yangu," Bernardine akasema, "nimekuja kukichukua."

Mkono wa Claire ukarudi kifuani pamoja na kisu. "Kukichukua namna gani?"

"Kitengenezwe. Nitakirudisha mwenyewe, wiki moja. Resori ni laini, inaweza kukufungia vidole."

"Vidole vyangu?" Claire akainua mikono juu, vidole vyote vimetanuka, kisu kinaning'inia kwenye kamba. "Hesabu. Viko vyote ao haviko?"

Jirani mmoja aliyekuwa anapeta upande wa pili wa ua akacheka. "Claire, chunga! Ulisema uko na kumi na kimoja!"

"Nyamaza, weye! Mama, nisikilize. Minye sikusoma sana lakini siko mjinga. Hapa Sange tunasikia habari. Tunasikia iko muntu wa Bujumbura anatafuta visu vya Étienne vya namba. Tunasikia sasa mwenyewe amekufa, vimekuwa dhahabu. Kweli ao uongo?"

"Kweli."

"Basi. Unaona." Claire alisema bila hasira, karibu na huruma. "Mjane ana shida, najua, minye pia ni mjane. Lakini hii ni pembe ya Gaju. Haitavuka mpaka."

Bernardine alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Jua lilikuwa kali juu ya mpunga. Aliona njia mbili tu. Aondoke na kumwachia mwanamke huyu kisu kitakachomkata siku moja, na watu wa Sange waseme kisu cha Étienne ndicho kilimkata. Au aseme lile ambalo Étienne alimwomba asiliseme kwa mtu yeyote. Alitafuta njia ya tatu lakini kichwa kilikuwa kizito, hakikutaka kutafuta.

"Étienne alikuwa hasikii," akasema.

"Hasikii nini?"

"Hasikii. Kiziwi. Miaka kumi na mmoja. Kila kisu kilichotoka ni mimi nilikisikiliza. Na chako nimekisikiliza mimi."

Claire alishusha mikono. Akavuta gogo, akakaa mbele ya Bernardine, magoti yao karibu yagusane.

"Ngoja, mama. Ngoja kwanza. Siku nilileta pembe, nilikaa na yeye toka saa nne mpaka saa sita. Nikamwambia habari yote ya Gaju. Vile alizalia mu mto usiku wa mvua. Vile maziwa yake yalisomesha watoto wangu wawili. Vile ugonjwa ulimkamata na minye nikalala naye mu zizi siku tatu. Nikalia mbele yake! Na yeye anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, macho yake hapa ku uso wangu. Nilirudi nyumbani nikasema, hakuna muntu alishanisikiliza vile, hata mchungaji." Akasogea mbele zaidi. "Alikuambia nini juu ya Gaju?"

Bernardine angeweza kupamba. Maneno mazuri yalikuwa karibu, na mwanamke huyu alikuwa anayangoja. Lakini alikumbuka siku ile vizuri mno. Étienne aliingia uani saa sita, akanawa mikono, akasema kwa ile sauti yake iliyokuwa juu kupita alivyotaka.

"Alisema: Leo mama mmoja wa Sange ameongea saa mbili. Sikukamata hata neno moja. Nimeogopa kumkatiza, alikuwa analia."

Halafu bega la Claire likatikisika, kisha la pili, na kicheko kikamtoka kama gunia limepasuka, akapiga mapaja, akajifunika uso kwa kitenge, na alipokitoa kitenge uso ulikuwa na machozi na mtu hangejua ni ya nini.

"Saa mbili! Yesu wangu! Hata neno!"

"Hata neno."

"Na ku kanisa ya Uvira, Pasaka, nilimsalimia mbele ya watu, akapita kama mbuzi. Tangu siku ile nasema ni kiburi, fundi mkubwa hasalimii watu wa mpunga." Akajipangusa. "Maskini wa Mungu. Alikuwa anaogopa."

"Alikuwa anaogopa sana."

Claire akaangalia kisu mapajani mwake. Akili yake ilirudi pale ilipoachia.

"Kwa hiyo ni weye ulisema kiko tayari."

"Ni mimi."

"Na hakikuwa tayari."

"Hakikuwa. Nilijua."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilichoka," Bernardine akasema. Neno lilitoka dogo, akaona haya kwa udogo wake, lakini hakuwa na lingine.

Claire hakusema pole. Aliinuka, akakifunga kisu, tof, akakisikiliza kwa mara ya kwanza kama kitu cha kusikilizwa. "Kisu hakitoki Sange," akasema. "Lakini Irankunda iko pale ng'ambo, na vyuma vyake. Twende."

Irankunda ni fundi wa baiskeli, mwembamba, kofia ya sufu kwenye joto lile, na ana chuma cha kubania kilichofungwa kwa bolti juu ya kisiki. Alikigeuza kisu mkononi, akapiga mluzi.

"Minye natengeneza baiskeli, mama Claire. Si ng'ombe."

"Tengeneza, acha mdomo. Huyu mama atakuonyesha."

Bernardine hakuwahi kushika nyundo. Lakini miaka kumi na mmoja mtu asiyesikia alikuwa anajisemea kazi yake nyuma ya mgongo wake, kwa sauti ya juu, kila hatua, na yote yalikuwa yamekaa ndani. Sukuma riveti ya katikati, ile inayoshika resori, kwa msumari, usiguse ya mbele. Toa resori. Iweke juu ya misumari miwili, ikandamize katikati, kidogo, unene wa karatasi. Rudisha. Alisema, na Irankunda akafanya, na alikuwa na mikono mizuri. Alipofunga kisu mara ya kwanza lori la mihogo lilikuwa linapita. Bernardine akaziba sikio moja kwa kidole.

"Bado."

Akatoa resori tena. Akakandamiza tena.

"Bado."

Mara ya nne kisu kilisema tak. Sauti kavu, yenye nguvu. Irankunda akaweka ncha juu ya kisiki, akakandamiza mgongo wa ubapa kwa kiganja, akauegemea kwa uzito wake wote. Haukujifunga. Claire akapiga makofi.

Bernardine alikuwa bado amesimama, kichwa kimeinama, anangoja ile sauti ya pili. Akaomba kifunguliwe tena, kifungwe tena. Tak. Moja tu.

"Mama, nikiongeza itavunjika," Irankunda akasema kwa upole.

"Najua. Acha hivyo. Ni kisu kizuri." Akanyoosha mkono. "Nipe tupa. Ile ndogo."

"Unataka kufanya nini?" Claire akauliza.

"Kutoa jina."

Irankunda na Claire wakatazamana.

"Resori si yake," Bernardine akasema. "Sauti si yake. Mimi nilikipa kisu hiki jina lake nikijua. Kiko salama sasa, kitakufaa mpaka uzee. Lakini kwa jina lile siwezi kukuachia. Na bila jina, yule wa Bujumbura hatakitaka kamwe, nakuambia ukweli. Useme weye."

Claire alichukua kisu, akakipima mkononi. Alipitisha kidole gumba juu ya pembe, pale rangi ya hudhurungi inapokuwa maziwa. Hakuchukua muda mrefu.

"Yule wa Bujumbura alimjua Gaju wapi?" akasema. "Toa."

Kikabanwa. Bernardine akaanza. Tupa ilikuwa butu na mkono wake haukujua, mara inateleza, mara inang'ata. Kile kialama cha juu ya herufi kiliondoka kwanza, kwa kuvuta tupa mara tatu nne. Herufi yenyewe ilikaidi. Étienne alikuwa amekata mhuri ule mwaka wa kwanza wa ndoa yao, jikoni, kwa sababu hawakuwa na chumba kingine. Alisugua. Irankunda alitaka kumpokea, Claire akamzuia kwa kiwiko. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kidevu. Mstari wa katikati ukaisha, halafu wa chini, halafu ule wa kusimama ukawa kivuli, halafu kukawa na chuma kitupu chenye michubuko. Vikato tisa vya mgongoni aliviacha. Vile Étienne alivitia mwenyewe mwezi wa kwanza, na havikudanganya mtu.

Achille akapiga simu wakati huo huo, sauti yake ina wasiwasi. Bernardine alimwambia kisu kimetengenezwa. Alimwambia cha Lionel kibaki na jina la Étienne, kilisema kweli. Vile viwili vilivyobaki, akitumia resori nyingine, atafute mhuri wake mwenyewe.

"Mhuri wangu? Mama, minye sina mhuri."

"Ukate. Una mikono."

Achille akasema atajaribu.

Claire alikwisha kuvuka barabara, anakata uzi wa gunia kwa kisu chake, tak, tak, anachekesha majirani. Akamrudisha Bernardine kwenye kiti cha plastiki kivulini, akampa bakuli la wali na ndakala, dagaa wa ziwani, akamwambia gari la Uvira litapita baada ya muda, ale kwanza, akilala atamwamsha. Bernardine akataka kusema halali, ameketi tu. Alikula nusu. Akaegemeza kichwa ukutani, vumbi la chuma bado liko kwenye kitenge chake, na pikipiki, na malori, na watoto waliokuwa wanafukuza kuku juu ya mpunga, vyote vikaenda mbali.

Gari la Uvira lilifika, likapunguza mwendo, likapiga honi mara mbili. Claire alimwangalia mgeni wake. Halafu akalipungia gari mkono, liende.